Anayeanza Kuvuta Kiko Anafundishwa Kununua Kabla ya Kufundishwa Kuvuta

Mwaka 2024 kampuni ya tumbaku ya Scandinavian Tobacco Group ya Denmark iliinunua Mac Baren, mtengenezaji wa tumbaku ya kiko, na pamoja nayo ikaipata kampuni ya Sutliff ya Richmond, Virginia, ambayo Mac Baren ilikuwa inaimiliki tangu 2013. Kilichofuata wavuta kiko wengi wanakijua: uamuzi wa kukifunga kiwanda cha Richmond, na michanganyiko mingi ya tumbaku kuondolewa sokoni. Pigo hilo liliwakuta watu wakiwa bado hawajausahau mwaka 2018, ambao kampuni ya McClelland ya Kansas City iliacha kazi na mikebe ya tumbaku ya Dunhill ikatoweka madukani, kabla ya michanganyiko yake mingi kurudi kwa jina la Peterson. Huku orodha za wauzaji zikipungua, wapya wanaendelea kuingia, wengi wao kupitia video za intaneti zinazoonyesha makabati yaliyojaa mikebe na viko vilivyopangwa kwa mistari. Mambo hayo mawili yamezaa ushauri mmoja unaorudiwa kila mahali: nunua sasa, nunua kwa wingi, usisubiri.

Ushauri huo umeisoma hali vibaya. Hata baada ya viwanda hivyo kufungwa, aina za tumbaku ya kiko zilizobaki ni nyingi kuliko anazoweza kuzijaribu mtu anayeanza kwa miaka kadhaa. Kinachomshinda ni ulimi unaochonyota, kiko kinachokoroma maji, moto unaozima kila dakika na kichefuchefu ambacho hakuna aliyemwonya kuwa kitakuja. Haya yote yana sababu zinazoeleweka, na karibu zote zinatokana na mambo matatu: unyevu wa tumbaku, namna ya kuishindilia, na kasi ya kuvuta. Mkebe wa kumi hauondoi hata moja kati ya hayo. Kuna pia jambo la nne, zito kuliko hayo, ambalo mafundisho ya sasa yanalipitia kwa maneno matamu: hatari ya kiko kwa mwili. Nitalifikia.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kiko. Bakuli la kawaida lina kipenyo cha milimita 19 au 20 na kina cha milimita 35 hadi 40. Chini kabisa pana tundu la hewa la milimita 4 hivi, linalopita kwenye shingo hadi kwenye mdomo wa kiko. Tumbaku inapoungua, maji yaliyo ndani yake hugeuka mvuke. Sehemu ya mvuke huo huja moja kwa moja kinywani, na mvuke hubeba joto jingi kuliko moshi mkavu. Ndio unaouchoma ulimi kwanza. Sehemu nyingine hukutana na shingo iliyo baridi zaidi, ikarudi kuwa maji, na hapo ndipo mkoromo unapoanzia. Maji hayo yakirudi chini ya bakuli hulowesha tumbaku iliyobaki, moto unazima, mvutaji anawasha tena na kuvuta kwa nguvu ili usizime, joto linapanda, mvuke unaongezeka. Mzunguko huu ndio humchosha anayeanza, na yeye hudhani ana kiko kibovu au amenunua tumbaku mbaya.

Aina ya jani nayo ina mchango wake. Virginia, yaani tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa hewa ya moto, ina sukari nyingi ya asili, na ikiharakishwa huungua kwa ukali na kuuma ulimi haraka. Burley, ambayo hukaushwa kwa hewa, ina sukari kidogo sana, lakini moshi wake una ualkali zaidi, yaani kinyume cha asidi. Ualkali huo peke yake huweza kuukera ulimi, tena huirahisishia nikotini kupenya kwenye ngozi laini ya kinywa. Ndiyo maana watu wawili wanaovuta kwa kasi ileile hulalamikia tumbaku tofauti. Ushauri wa kuanza na tumbaku zenye harufu ya vanila au cheri, kwa madai kwamba ni laini, humwingiza anayeanza kwenye mtego: nyingi ya hizo huwekewa sukari na propilini glikoli, kimiminika kinachoshikilia maji ili mkebe usikauke. Ni tumbaku zinazonukia vizuri kwa aliyekaa pembeni na kumpa taabu anayevuta, hasa asiyejua bado kwenda taratibu.

Hapa ndipo somo la kwanza lilipaswa kuwa, yaani kukausha. Watengenezaji hufunga tumbaku ikiwa na unyevu mwingi kuliko inavyofaa kuvutwa, kwa sababu jani kavu huvunjika na kuwa vumbi safarini, na kwa sababu mnunuzi akifungua mkebe hutaka kukuta kitu kinachoonekana kibichi kidogo na chenye harufu. Wavutaji wazoefu wengi huona tumbaku inavutika vizuri ikiwa na unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi, lakini hakuna haja ya kipimo. Chukua kiasi cha kujaza bakuli moja, gramu 2 hadi 3, kitandaze kwenye karatasi na kiache kwa nusu saa, kisha ukiangalie. Kama ni vipande bapa vilivyoshindiliwa kiwandani, vifikiche kwanza kwa vidole mpaka viachane, maana kipande kizima hukauka juu na kubaki kibichi katikati, na huenda kikahitaji saa mbili au zaidi. Kipimo ni vidole: finya tumbaku kidogo, uiachie. Ikibaki imegandamana, bado. Ikifumuka polepole bila kuacha ubaridi wa maji kwenye ngozi, iko tayari. Ikilia na kuvunjika, imepitiliza, na hata hapo inavutika, ila itawaka haraka na ladha itapungua. Zile zenye propilini glikoli hazitafika kwenye ukavu huo hata zikiachwa usiku kucha. Hizo hubaki zikinata, na anayezingoja zikauke kama Virginia atangoja bure. Mvutaji azijaze kwa ulegevu zaidi na akubali kuwasha mara nyingi.

Kujaza nako kuna sababu zake, ingawa hufundishwa kama ibada. Lengo ni moja tu: hewa ipite kwa uzito unaofaa, na chini kuwe na nafasi kuliko juu. Njia ya tabaka tatu inatosha. Dondosha tumbaku mpaka ijae bakuli bila kuisukuma, kisha iguse kidogo tu ishuke hadi nusu. Jaza tena, sukuma kwa nguvu kidogo zaidi ifike robo tatu. Jaza mara ya tatu, sukuma hadi iwe chini kidogo ya ukingo. Vuta hewa kabla hujawasha: uzito wake uwe kama wa kunywa maji kwa mrija. Ukihisi upinzani mkubwa kuliko huo, mwaga yote uanze upya. Wengi huona uvivu, wakawasha hivyo hivyo wakitarajia moto utafungua njia, na moto haufungui. Tumbaku hutanuka inapopata joto, na iliyobana mwanzoni itabana zaidi. Ulegevu nao una adhabu yake, kwa kuwa moto huruka kutoka tabaka moja kwenda jingine, unawaka kwa joto kali upande mmoja, kisha unazima katikati ya bakuli.

Kuwasha ni kwa hatua mbili. Njiti ya mbao, baada ya kichwa chake kuungua chote, au kiberiti cha gesi chenye mwali laini, hupitishwa juu ya tumbaku kwa mduara huku ukivuta taratibu mpaka uso wote uwe mweusi. Tumbaku itainuka. Ishushe kwa kishindilio kwa uzito wa chuma chenyewe, bila kukaza, kisha washa tena; moto huo wa pili ndio wa kuvutia. Viberiti vya gesi vyenye mwali mkali wa bluu, vilivyotengenezwa kwa ajili ya sigara kubwa (cigar), huunguza ukingo wa bakuli na kuacha doa jeusi lisilotoka. Baada ya hapo kazi ya mvutaji ni kuvuta kidogo kidogo, kiasi cha kutoruhusu moto ufe, na wakati mwingine kupuliza hewa taratibu kurudi ndani ili uamke bila kupanda. Shika bakuli: ukishindwa kulishikilia kiganjani kwa raha, umevuta haraka mno. Liweke chini, liache lizime, uwashe baadaye. Kuzima si kosa hata kidogo. Ningetamani sentensi hiyo iandikwe kwenye kila mkebe, kwa sababu hofu ya kuzima ndiyo inayowafanya wapya wavute kwa pupa mpaka ulimi unageuka nyama mbichi.

Kwa ushahidi kwamba kinachotakiwa ni hewa kidogo sana, yatazame mashindano ya kimataifa ya kuvuta polepole. Kila mshindani hupewa gramu 3 za tumbaku ileile, dakika 5 za kujaza, dakika 1 na njiti mbili za kuwashia, na baada ya hapo hakuna kuwasha tena. Washindi wakubwa wamepita saa 3. Bakuli hilohilo mikononi mwa mtu anayeanza huisha kwa dakika 20, nusu yake ikiwa imebaki chini kama tope. Hakuna mwenye sababu ya kuvuta saa tatu nyumbani kwake, na wengi wangekufa kwa uchovu. Lakini tofauti hiyo yote imetoka kwenye mkono na pumzi, maana tumbaku ni ileile.

Sasa tuwasikilize wanaosema vifaa ndivyo vinavyomwangusha anayeanza. Wana hoja, na inafaa ipimwe kwa haki. Kiko kilichotobolewa vibaya hakitengenezwi na ustadi wa mvutaji. Tundu la hewa likiingia milimita kadhaa juu ya sakafu ya bakuli, tumbaku ya chini haitapata hewa kamwe, na kila mara utabaki na uchafu mbichi. Tundu likiwa jembamba mno, utavuta kwa nguvu bila kutaka. Mahali shingo inapokutana na mdomo wa kiko pakiwa na pengo, mvuke hutua hapo na kugeuka maji. Kwa hiyo kabla ya kununua, pitisha brashi nyembamba ya waya kutoka kwenye mdomo wa kiko: ifike hadi ndani ya bakuli bila kukwama, na ukiitazama kutoka juu ionekane ikitokea chini kabisa na katikati. Kuta za bakuli ziwe na unene wa milimita 6 au zaidi, la sivyo joto litakufikia vidoleni haraka.

Lakini ukishavuka kizingiti hicho, fedha zaidi hununua vitu vingine. Hununua urembo wa mishipa ya mbao, wepesi, mdomo uliochongwa vizuri kwa ajili ya meno, na jina la mtengenezaji. Mbao yenyewe, briari, ni uvimbe unaoota kwenye shina la chini ya ardhi la mti wa Erica arborea wa nchi za Mediterania. Huchemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu na kukaushwa kwa miezi, wakati mwingine miaka. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kiko cha bei ya kati huvutika sawa na cha bei ya kutisha. Tena kuna kiko cha gunzi la mahindi. Missouri Meerschaum, iliyoanza mwaka 1869 katika mji wa Washington, Missouri, bado inavitengeneza. Gunzi hunyonya unyevu, halihitaji kuzoeshwa moto, halishiki harufu kwa ukaidi kama mbao, na ukiliunguza kwa kukosea hujapoteza mali. Kwa mtu anayejifunza kasi, hicho ndicho kifaa bora zaidi kilichopo, na inasikitisha kuona kikielezwa kama kitu cha muda tu mpaka upate kiko cha kweli. Mershamu, lile jiwe jeupe jepesi ambalo kitovu chake ni Eskişehir nchini Uturuki, linavutika kwa ubaridi na ukavu wa ajabu, ila likianguka linavunjika. Halimfai mtu ambaye mikono yake bado haijazoea.

Vichungi pia huletwa kama tiba. Vile vya milimita 9 vyenye mkaa, vinavyopendwa sana Ujerumani, hukausha moshi na kupunguza ukali, na hakuna aibu kuvitumia. Hata hivyo vinaficha tatizo la tumbaku mbichi, na huondoa sehemu ya ladha.

Hoja ya uhaba ina uzito wake, na siidharau. Tarehe 8 Agosti 2016 tumbaku ya kiko iliingia chini ya mamlaka ya FDA, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia chakula na dawa, na bidhaa ambayo haikuwa sokoni huko kufikia tarehe 15 Februari 2007 ilijikuta inadaiwa idhini ambayo mtengenezaji mdogo hana fedha wala wanasayansi wa kuiomba. Ongeza kampuni kununuana na kufuta zile bidhaa zinazouzwa kidogo, na ni kweli kwamba mchanganyiko unaoupenda leo unaweza kutoweka. Mvutaji aliyekwisha kujua anapenda nini ana sababu nzuri ya kuweka akiba. Anayeanza hana, kwa sababu hajui. Ladha hubadilika sana katika mwaka wa kwanza. Anayeanza na vanila mara nyingi huishia kwenye Virginia tupu, au kwenye michanganyiko yenye Latakia, jani lililofukizwa kwa moshi ambalo siku hizi hutoka Kupro, au yenye Perique, jani la parokia (yaani wilaya) ya St. James huko Louisiana, inayochachushwa kwa kugandamizwa ndani ya mapipa. Ulimi usioweza bado kutofautisha ukali wa mvuke na ladha ya jani hauna msingi wa kuchagua cha kuwekeza.

Akiba yenyewe inahitaji ujuzi ambao wapya hawapewi. Mkebe wa chuma uliofungwa vizuri hudumu miaka, lakini ukishafunguliwa tumbaku ihamie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira. Mifuko ya plastiki hupitisha hewa na harufu, na kufikia mwisho wa miezi michache utakuwa na jani kavu lenye harufu ya jirani yake. Virginia hunufaika na kukaa, kwa kuwa sukari zake hubadilika na makali yake hupungua. Latakia hufanya kinyume chake, moshi wake hufifia kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo aliyejaza kabati la Latakia kwa hofu amenunua kitu kinachopungua. Tumbaku iliyowekwa chupani ikiwa mbichi mno huota ukungu. Nyuzinyuzi zenye manyoya na harufu ya chumba kilichofungwa ni ukungu, na chupa hiyo yote itupwe, hata kama sehemu ya chini inaonekana nzima. Chembe ngumu zinazometameta bila harufu mbaya mara nyingi ni madini au sukari iliyoganda, na hazina tatizo. Mtu asiyeijua tofauti hii na mwenye chupa 40 anaweza kuvuta asichopaswa kukivuta.

Nimefika kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote na inayorudiwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba kiko hakina madhara kwa sababu moshi hauingizwi mapafuni. Wanaoieneza hupenda kuitaja ripoti ya mwaka 1964 ya Mganga Mkuu wa Marekani, ambayo kweli iliandika kwamba viwango vya vifo vya wavuta kiko vilizidi vya wasiovuta kwa kiasi kidogo, au havikuzidi kabisa. Hawaongezi kwamba ripoti hiyohiyo iliona uhusiano wa kiko na saratani ya midomo, yaani ya nje ya kinywa, umethibitika. Wala hawasemi kilichogunduliwa baadaye. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 kutokana na takwimu za Shirika la Saratani la Marekani, uliowafuata wanaume zaidi ya laki moja, ulikuta wavuta kiko peke yake wakiwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani ya mapafu, koo, umio na zoloto, pamoja na magonjwa ya moyo na kiharusi, kuliko watu ambao hawajawahi kutumia tumbaku. Hatari hizo kwa jumla zilikuwa ndogo kuliko za sigara, na ni haki kulisema hilo. Lakini ndogo kuliko za sigara ni kipimo cha chini sana.

Maelezo ya kwa nini yapo kwenye kemia niliyoieleza juu. Moshi wenye ualkali huiachia nikotini ipite kinywani moja kwa moja, hivyo kutoingiza moshi mapafuni hakuzuii uraibu, na viungo vinavyoguswa na moshi mchana kutwa ni midomo, ulimi, koo na umio. Wanaohama kutoka sigara wana tatizo la ziada, kwani wengi huendelea kuuvuta moshi hadi mapafuni kwa mazoea. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba waliohamia kiko au sigara kubwa walibaki na hatari kubwa kuliko wale ambao maisha yao yote walivuta kiko tu, ingawa walikuwa na nafuu kuliko walioendelea na sigara. Kwa hiyo mtu mzima ambaye hatumii tumbaku hana sababu yoyote ya kiafya ya kuanza, na anayemvutia kwa kumwambia ni salama anamdanganya. Aliyekwisha kuamua anastahili kuambiwa ukweli wote, ikiwamo kwamba hatari hupanda kadiri anavyovuta mara nyingi na kwa miaka mingi. Bakuli moja kwa siku kadhaa na mabakuli matano kwa siku ni mambo mawili mbalimbali, na kabati lililojaa humsukuma mtu kuelekea lile la pili.

Nikotini pia ina onyo la papo hapo. Jasho baridi, kwikwi, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za kuzidiwa nayo, na huwapata zaidi wanaovuta tumbo likiwa tupu au wanaojaribu mapema tumbaku nzito za kamba na za vipande vyeusi. Hapo kiko kiwekwe chini mara moja. Kujikaza hakujengi uzoefu wowote.

Wapo watakaosema kwamba maelekezo mengi kiasi hiki yanatisha wageni, na kwamba kila mtu ajigundulie. Nakubaliana nao nusu, kwa sababu mengi yanayofundishwa hayana kazi. Kupaka asali ndani ya bakuli jipya hakuhitajiki. Kujaza theluthi moja tu kwa wiki nzima ili kuzoesha briari kuna faida ndogo, hasa kwa kuwa viko vingi vipya huja vikiwa vimepakwa tabaka la kaboni. Inatosha kuvuta taratibu na kutorudia bakuli la pili kabla kiko hakijapoa na kukauka, yaani siku moja ya mapumziko. Lakini yako mambo machache ambayo mtu hawezi kuyagundua bila kuharibu kitu. Mdomo wa kiko usichomolewe kikiwa moto, kwa sababu mbao imetanuka na ncha inayoingia shingoni hukatika, au shingo yenyewe hupasuka. Subiri kipoe, kisha uuchomoe kwa kuzungusha. Ukoko wa makaa unaojengeka ndani ya bakuli huilinda mbao, ila ukipita milimita 1.5 hivi ukwanguliwe, maana hutanuka kwa joto tofauti na mbao na kuipasua. Brashi ipite kila baada ya kuvuta. Kiko kinachonuka kijazwe pamba iliyoloweshwa pombe kali isiyo na harufu, kiachwe usiku mmoja, kisha kikauke siku mbili. Njia ya zamani ya kutumia chumvi imepasua mabakuli mengi na iachwe. Mdomo wa mpira mgumu ukigeuka kijani na kuwa mchungu, ni salfa yake iliyokutana na mwanga na hewa, hivyo kiko kitunzwe gizani.

Yakikubaliwa haya, baadhi ya mazoea ya wauzaji na ya wanaofundisha hayana budi kubadilika. Seti za wanaoanza huuzwa zikiwa na kiko cha briari cha bei rahisi, mfuko wa tumbaku mbichi yenye harufu na kiberiti. Ingefaa ziwe na kiko cha gunzi, brashi, kishindilio, na vifurushi vitatu vidogo vya gramu 10 hadi 15: Virginia moja, Burley moja, na mchanganyiko mmoja wenye Latakia, kila kimoja kikiwa na maandishi ya muda wa kukikausha. Onyo la afya lielezwe na muuzaji mwenyewe kwa maneno ya kawaida, pamoja na dalili za kuzidiwa na nikotini. Wenye video wangefanya kazi kubwa zaidi kwa kuonyesha bakuli moja bila kuikata video, tangu kukausha hadi majivu, pamoja na kila mara linapozima, kuliko kufungua mikebe kumi mbele ya kamera. Na viwanda vilivyobaki vikitaka kujua kwa nini michanganyiko mingine haiuziki, viangalie kwanza unyevu vinaoufungia mkebeni na propilini glikoli vinayoiongeza. Mtu aliyeungua ulimi kwa mkebe wa kwanza harudi kununua wa pili, na mauzo yake yanayokosekana ndiyo yanayotumika kama sababu ya kuufuta.